Mgomo wa Tumbo

"Mwalimu, umejamba?"

Nesi aliuliza hivyo mchana kweupe, mbele ya wodi nzima, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama mvua imenyesha. Alisimama kando ya kitanda changu, kalamu mkononi. Wanawake wa vitanda vya jirani waliacha mazungumzo yao ili wasikie jibu. Mama wa kitanda cha dirishani, ambaye mguu wake ulikuwa umening'inizwa kwa kamba na hakuwa na kazi nyingine ila kufuatilia ya wenzake, alijiinua kwa kiwiko kabisa.

Nilimwambia nesi kwamba sijawahi kuulizwa swali la namna hiyo tangu nizaliwe, na sikuwa na nia ya kuanza kulijibu uzeeni.

"Kwa hiyo bado," alisema, akaandika.

Nyumbani kwetu wanapenda sana kusimulia kisa hiki. Anayekiharibu zaidi ni mdogo wangu. Yeye hukitia machozi, anasema nilimshika nesi mkono nikamwomba msamaha, na wasikilizaji wanajifuta macho. Uongo mtupu. Sikumwomba mtu msamaha. Ndiyo maana nimeamua kukisimulia mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu na nimeshakula.

Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Watoto waliniita Kengele, wakidhani sijui. Nilijua, na sikulikataa jina lenyewe, maana nilipotoka nje ya ofisi yangu uwanja mzima ulinyamaza kabla sijafungua mdomo. Nilistaafu, lakini sauti haikustaafu. Hata fundi bomba aliyekuja nyumbani kwangu kurekebisha sinki aliniomba ruhusa ya kwenda chooni kwa kunyoosha kidole.

Kisha siku moja, nikiwa naanika nguo, tumbo lilinikata mpaka nikakaa chini kwenye maji ya ndoo. Utumbo ulikuwa umejisokota. Hospitalini walinipasua tumbo, wakakata kipande kilichokuwa kimekufa, wakaunga kilichobaki, wakanishona. Nilipozinduka, mrija mwembamba ulikuwa umepita puani mwangu mpaka tumboni, ukinyonya maji ya kijani na kuyamwaga kwenye mfuko. Daktari aliniambia kazi imekwenda vizuri na sasa kilichobaki ni kusubiri.

"Kusubiri nini?"

Akanieleza. Utumbo ukishaguswa na mikono ya watu, huzira. Unalala. Unaacha ile kazi yake ya kujivuta na kujikunja, ya kusukuma chakula kutoka huku kwenda kule. Na maadamu umelala, huwezi kutia kitu kinywani, kwa sababu kitakwenda wapi? Kitarudi juu kilikotoka. Dalili ya kwamba umeamka ni moja tu, na ndiyo hiyo nesi aliyokuwa akiiulizia kila alipopita.

"Basi uamsheni," nilisema.

"Hauamrishwi, Mwalimu. Wewe unaamua ule nini. Mengine yote chini ya koo yanajiendesha yenyewe, na hayakuulizi."

Neno hilo lilinikera kuliko mshono. Nimeishi na tumbo hili tangu tumboni mwa mama yangu, nimelilisha, nimelifunika, na siku hiyo ndipo naambiwa kwamba muda wote huo mimi sikuwa mkubwa wake wa kazi.

Sasa niwaeleze kuhusu shule yangu, maana bila hilo hamtaelewa yaliyofuata. Makosa madogo yalikuwa mengi, makubwa yalikuwa mawili. La kwanza ni udanganyifu. Mtoto aliyepata sifuri yake kwa jasho lake nilimheshimu kuliko aliyepata mia kwa kuchungulia. La pili ni chingamu. Mtu anayetafuna huku anafundishwa anamwambia mwalimu kwamba ana shughuli nyingine. Niliyemkamata alibandikwa chingamu yake mwenyewe kwenye ncha ya pua, akasimama nayo mstarini asubuhi mbele ya wenzake. Siku hizi wapo watakaosema ule ulikuwa ukatili. Waseme. Ukipitisha mkono chini ya meza za shule yangu, ulitoka safi.

Na lipo jambo la tatu, ambalo halikuwa kosa. Siku moja nikifundisha hesabu darasa la sita, mtu alijamba. Si ile ya kuponyoka. Ile yenye sauti. Darasa likaangua kicheko. Nikauliza, "Nani huyo?" Kimya. Waliangalia dari, waliangalia viatu. Sikujali upepo wenyewe, mwili ni mwili. Nilichotaka ni mkono mmoja unyooke. Kengele ya chakula ikalia, madarasa mengine yakatoka mbio, sisi tukabaki, matumbo yao yakinguruma huku na huku, na mkono haukunyooka. Niliwaruhusu watoke chakula kikiwa kimeshapoa. Katika kazi yangu niliuliza swali lile mara nyingi, darasa hili na lile, na sikuwahi kupata jibu.

Nesi alikuwa mmoja wa watoto wa darasa lile. Sikumtambua hadi aliponiambia, "Shikamoo, Mwalimu," kwa ile namna ya kuvuta neno la mwisho ambayo wanafunzi wangu wote wanayo. Alikuwa amekuwa mwanamke mrefu mwenye mikono mikubwa na haraka nyingi. Sindano zake haziumi, nimpe haki yake.

Alasiri ya siku ile ya swali la nesi, daktari alikuja peke yake. Alinibonyeza tumbo, ambalo lilikuwa limevimba na kukazika kama mpira ulioachwa juani, akaweka kipimo chake cha masikioni hapa, akahamisha pale, akasikiliza kwa muda mrefu na macho yake yamefumbwa.

"Tumbo lenye afya huwa linaongea muda wote," alisema. "Hata ukilala. La kwako halisemi kitu."

Nilimwambia asinizungushe, anipe jibu kama ninavyotaka mimi jibu la hesabu.

"Kesho asubuhi nikikuta bado kimya, nitalazimika kufungua tena nione kuna nini. Sipendi. Moyo wako ulinitisha mara ya kwanza. Kukufungua naweza. Sina hakika kama utaamka."

Nikamshukuru. Alipoondoka nililala naangalia dari, na nilikuwa na hasira. Siyo huzuni, hasira. Nilikuwa nimezima migomo ya wanafunzi wakubwa waliofunga geti kwa minyororo, na sasa nigomewe na matumbo yangu mwenyewe?

Nesi akaja. Kutoka mfuko wa koti lake alitoa kitu kidogo kilichofungwa kwa karatasi inayong'aa, akakiweka juu ya shuka langu, pale kifuani. Nilikitambua kabla sijakigusa.

"Chingamu," nilisema.

"Daktari ameruhusu. Utatafuna, usimeze. Ukitafuna, mdomo unatuma habari kwamba chakula kinakuja. Tumbo linaanza kujiandaa, linatoa maji yake, na utumbo nao unaanza kujivuta uweze kupokea."

"Na chakula kisipokuja?"

"Litakapogundua, litakuwa limeshaamka."

"Huo ni udanganyifu."

"Ndiyo, Mwalimu," alisema bila kupepesa. "Huo ni udanganyifu."

Mama wa kitanda cha dirishani akacheka mpaka kamba ya mguu ikatikisika. Mimi nikamrudishia nesi kitu chake. Nilimwambia kwamba sikufundisha miaka yote ile ili nife na chingamu mdomoni, na kwamba kama tumbo langu lina hoja, lije tuzungumze kwa ukweli. Akakitia mfukoni. Alinitazama tu jinsi mtu anavyomtazama mtoto aliyekataa dawa, na nikalitambua lile jicho, kwa sababu nililibuni mimi.

Saa ya kuona wagonjwa, mdogo wangu akaingia. Ni fundi cherehani, na siku zote hutembea na nyuzi zimemshika nguoni. Alikuwa amebeba chupa ya chai kwapani kwa namna ya mtu anayeficha kitu. Akavuta pazia la kitanda, akafungua kifuniko, akanong'ona, "Supu ya kuku. Nimeichuja, haina hata mfupa. Kijiko kimoja tu, dada. Hawa wanakuua kwa njaa."

"Wamekataza."

"Wamekataza kwa sababu si ndugu yao. Mtu haponi bila kula. Fungua mdomo."

Mvuke ulikuja usoni kwangu. Supu ya mdogo wangu naijua. Kabla sijaugua, ilinipokea getini. Nikiwa bado natafuta funguo mate yalikuwa yameshajaa, na tumbo lilikuwa limeshaanza maneno yake. Nikanusa. Nikasubiri mate. Hayakuja. Nikanusa tena, kwa nguvu zaidi, mrija ukinikwaruza pua. Kinywa changu kilikuwa kikavu kama kifutio cha ubao. Ilikuwa supu, na ilikuwa na harufu ya supu, na hapakuwa na mtu ndani wa kuipokea.

Hapo niliogopa. Nasema wazi. Daktari aliponieleza habari za kisu nilikasirika, lakini mbele ya kile kijiko niliogopa. Maisha yangu yote niliidharau njaa. Niliiona kama mtoto msumbufu anayegonga mlango wa ofisi wakati nina kazi. Sasa hakuna aliyegonga, na nikagundua kwamba ndiyo iliyokuwa ikiniamsha asubuhi, ikinitoa nyumbani na kunirudisha.

Pazia likavutwa. Nesi alikuwa amesimama pale.

"Mama, funga hiyo chupa."

"Sifungi!" Mdogo wangu alisimama, kijiko juu. Ni mfupi, lakini akikasirika huwezi kujua. "Nyinyi mmemkausha dada yangu! Tangu mmempasua hajatia kitu mdomoni! Mnamuua kwa njaa huku tunaona!"

"Hana njaa," nesi alisema taratibu.

"Asiwe na njaa ana nini, yeye jiwe?"

"Muulize mwenyewe."

Mdogo wangu akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilimlea mimi; mama yetu alipofariki nilimlisha kwa mikono hii, na katika kumlea sikuwahi kumwambia uongo, hata ule mdogo wa kumtuliza mtoto.

"Dada," alisema. "Una njaa?"

Nilitaka sana kusema ndiyo.

"Sina," nikasema.

Alikitazama kijiko. Akakirudisha ndani ya chupa polepole, akafunga kifuniko, akakikaza, akaketi ukingoni mwa kitanda na kulia, uso wake ndani ya mikono, nyuzi zikimtetemeka mabegani. Kama nilivyosema, yeye hupenda kusimulia machozi. Machozi ya siku ile yalikuwa yake.

Na mimi niliyaangalia yale mabega nikafanya uamuzi. Mwanafunzi akigoma huja na madai: chakula kibaya, mwalimu mkali, vyoo vimeziba. Unamsikiliza, mnajadiliana. Lakini hili tumbo halikuwa na madai yoyote. Mgomo usio na madai si mgomo, ni utovu wa nidhamu, na utovu wa nidhamu nilikuwa na mazoea nao.

"Nesi," nilisema. "Lete kile kitu chako."

Hakutabasamu. Ningemfukuza.

"Lakini nina masharti. Unatafuna mdomo umefungwa. Na mimi sitafuni peke yangu kama mbuzi. Kaa hapa, tafuna na mimi."

Zamu yake ilikuwa imekwisha. Alivuta kiti, akatoa vipande viwili. Mdogo wangu aliacha kulia ili aone. Jua la jioni lilikuwa limefika hadi miguuni mwa kitanda, na wodi nzima iliniangalia mimi, Kengele, nikimenya karatasi ya chingamu.

Ilikuwa tamu kuliko nilivyotarajia, jambo lililonikera. Mwanzoni ilikuwa kama kutafuna kitambaa kwa jinsi kinywa kilivyokauka. Nikaendelea. Taya ziliuma. Kisha chini ya ulimi kitu kikachuruzika, kidogo, kama bomba lililokatiwa maji siku nyingi likikohoa kabla ya kutoa. Mate. Nilimeza, nikamwangalia nesi, naye aliona, akaendelea kutafuna.

"Mwalimu anatafuna kama mwenye uzoefu," alisema mama wa kitanda cha dirishani.

"Wewe shughulika na mguu wako."

Tulitafuna. Baada ya muda nesi alisema, "Uliwahi kunibandika, Mwalimu. Puani. Nilisimama mstarini mpaka kengele ya somo la kwanza."

"Nilibandika wengi."

"Mimi nilikuwa yule aliyesimama wima, hakulia."

Nikatafuta kumbukumbuni, na nikampata: msichana mrefu, magoti makavu, kidevu juu, kipande cha rangi ya waridi puani, akiangalia mbele moja kwa moja kana kwamba amevishwa nishani. Nilimheshimu siku ile, kimoyomoyo. Nikamwambia hivyo.

"Ulidhani ni ujasiri," alisema. "Nilikuwa nabana mdomo. Nilikuwa na kipande kingine shavuni."

Nilimtazama. Niliwaza mstari mzima wa watoto, hotuba yangu ndefu juu ya adabu, na huyu mbele yangu, pua imeadhibiwa na shavu limejaa. Kicheko kilinipanda kutoka mahali nisipopajua. Mshono ulinichoma kama moto, nikaukumbatia mto tumboni, nikawa nacheka na kulia "ayaa, ayaa," na kadiri nilivyoumia ndivyo nilivyozidi kucheka. Mdogo wangu aliniambia niache, nitapasuka. Sikuacha.

"Ulinidanganya," nilisema nilipopata pumzi.

"Nilikudanganya, Mwalimu."

"Shenzi wewe."

"Ndiyo, Mwalimu. Sasa inuka tutembee, kisha utafune tena."

Hapo ndipo mdogo wangu huweka msamaha. Haukuwapo. Sikumwomba, naye hakuuomba kwangu. Tulitembea kati ya vitanda, nikishika nguzo ya dripu kwa mkono mmoja na bega lake kwa mwingine, nikiliambia tumbo langu maneno ambayo sijawahi kumwambia mwanafunzi. Nililiambia kwamba liliwekwa pale kufanya kazi. Nililiambia kwamba kama linadhani litanishinda kwa kunyamaza, liulize shule nzima nani alikuwa wa kwanza kusema. Halikujibu. Alfajiri niliamka nikatafuna kipande kingine kabla sijaomba hata maji ya kunawa.

Asubuhi daktari alikuja na wanafunzi wake wa udaktari, vijana waliovaa makoti yenye mikunjo ya pasi. Walizunguka kitanda. Mdogo wangu alikuwa ametolewa nje, nikamwona mlangoni, ameshika ile chupa. Nesi alikuwa amerudi kazini. Alisimama nyuma ya wote na trei mikononi.

Daktari alinibonyeza. Akasikiliza. Wanafunzi wakabana pumzi kana kwamba wao ndio waliokuwa wakipimwa. Akahamisha kipimo, akasikiliza tena, akakivuta kutoka masikioni na kukining'iniza shingoni, na nikaona kwenye uso wake alivyokuwa akitafuta neno la kuanzia.

"Mwalimu," alisema, "jana tulikubaliana kwamba..."

Ilianza kwa ngurumo, mbali, upande wa kulia, chini ya mbavu. Ikazunguka. Niliisikia ikishuka, ikisimama kwenye kona, ikishuka tena, na sikuweza kuizuia, na Mungu ananiona, sikutaka. Ilitoka ndefu na wazi, kama dawati linaloburuzwa kwenye sakafu ya saruji kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Ilipokwisha, wodi ilikuwa kimya kiasi kwamba tulisikia dripu ikidondoka.

Wanafunzi wa udaktari waliangalia dari. Mmoja aliangalia viatu vyake. Mama wa kitanda cha dirishani alikuwa ametia shuka mdomoni.

Kisha kutoka nyuma, juu ya vichwa vyote, ikaja sauti yangu mwenyewe, ile ya darasa la sita, kavu, isiyo na haraka, ila ilitoka kwenye kinywa cha nesi.

"Nani huyo?"

Hakuna aliyecheka. Nadhani hata daktari alitaka kujua.

Nilinyoosha mkono. Niliunyoosha ule wenye sindano ya dripu, juu kabisa, kiwiko kimenyooka, vidole vimekazwa pamoja, kama nilivyowafundisha.

"Mimi," nilisema.

Nesi alinitazama, trei mikononi, kidevu juu.

"Vizuri," alisema. "Shusha mkono."

Niliuacha juu kidogo zaidi ya ilivyotakiwa. Nilipoushusha, nilikuwa na njaa.